Taya linalia "tak" na maumivu yanaingia sikioni. Naombeni ushauri

FundiNgamiani
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 34. Huu mwezi wa tatu taya la kulia halinipi raha. Nikipiga mwayo, mbele kidogo ya sikio panalia tak, na asubuhi naamka mashavu yamechoka kama niliyekesha natafuna. Mume wangu anasema usiku nasaga meno mpaka anaamka.

Nilianzia zahanati, nikaambiwa ni sikio. Nikapewa dawa ya matone na antibayotiki, dozi nikamaliza, maumivu palepale. Nikaenda kwingine, nikang'olewa gego la juu. Lilitoka zima, halina hata kitundu. Nimelihifadhi kwenye kikaratasi, kila nikilitazama roho inaniuma. Juzi nimeng'ata pingili ya muwa, tangu hapo mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili. Jirani anasema ni upepo, nikachuliwe. Nani yamemkuta haya?

MamaChumbageni
Pole sana mwanangu. Mimi yalinipata nilipofiwa na mume. Nilikuwa silali, nimekaza meno usiku kucha, kichwa kinaniuma kwenye panja. Usikubali kung'olewa jino jingine.

KakaWaPongwe
Kuna mzee huku anavuta taya linarudi mahali pake siku hiyohiyo. Nikuelekeze?

TabibuKinywa
Kaka, hapana. Kujichua mwenyewe shavu kwa vidole taratibu ni sawa, lakini taya lenye maumivu halivutwi kwa nguvu.

Dada, mimi ni daktari wa kinywa na meno. Siwezi kukupima kupitia simu, ila unayoeleza yanaelekea kwenye kiungo cha taya. Weka ncha ya kidole mbele ya tundu la sikio kisha fungua na kufunga mdomo. Panapocheza ndipo penyewe. Ndani mna kisahani cha gegedu kati ya mfupa wa taya na fuvu. Kikiteleza mbele, ukifungua mdomo kinarudi kwa ghafla, ndiyo hiyo tak. Kikigoma kurudi, mdomo unakwama nusu njia. Kawaida mtu mzima hufungua milimita 40 hadi 50, kama vidole vyake vitatu. Sikio linauma kwa sababu mshipa wa fahamu wa kiungo hicho hupeleka matawi sikioni pia. Ndiyo maana wengi hutibiwa sikio lisilo na ugonjwa.

Mlio peke yake, bila maumivu wala kukwama, hauhitaji tiba. Hebu niambie, pini unazishika wapi ukiwa kazini?

FundiNgamiani
Daktari, umenigusa penyewe. Pini nazibana kwa meno, na uzi naukata kwa meno ya kulia. Nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye mashine, nikashtuka meno yamebanana kabisa na wala sili kitu. Oda za Idi zilikuwa nyingi, nilikuwa nalala kwa saa nne tu usiku mzima.

TabibuKinywa
Basi tuanzie hapo. Meno ya juu na ya chini hugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ulale kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Wiki mbili tatu kula laini: uji, ndizi za kupika, samaki wa mchuzi. Muwa, korosho, mahindi ya kuchoma na bigijii viache. Kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, dakika 15 mara mbili tatu kwa siku. Ukipiga mwayo, zuia kidevu kwa ngumi. Ibuprofeni inasaidia siku chache, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mimba, muulize mfamasia.

Halafu nenda kitengo cha kinywa na meno pale hospitali ya Bombo ukapimwe, maana huko kukwama si kwa kukaa nako nyumbani. Wanaweza kukushauri kinga ya meno ya kuvaa usiku, inayotengenezwa kwa kipimo cha meno yako. Inalinda meno yasilike, ingawa kusaga kwenyewe huenda kusikome. Akitokea wa kukwambia akung'oe au akuchonge meno ili taya litulie, tafuta maoni ya daktari mwingine kwanza.

Usisubiri hata siku moja ukipata uvimbe na homa, au mdomo ukibaki wazi usifunge. Na wewe unayechomwa sindano kila siku: taya likikaza siku chache baada ya jeraha, inaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua na jasho yanaweza kuwa ya moyo. Hayo ni ya kukimbilia hospitali.

MamaChumbageni
Na ulale, mwanangu. Nguo za watu zitashonwa.

FundiNgamiani
Mrejesho, wiki ya sita. Nilikwenda, nikapimwa, kweli ni kiungo, na nikafundishwa mazoezi ya kufungua mdomo polepole mbele ya kioo. Pini sasa zinakaa kwenye kimto nilichokishona, nakifunga mkononi. Kwenye mashine nimeandika MENO kwa chaki; nikikisoma naachia taya. Leo asubuhi vidole vitatu vimeingia, cha tatu kwa kubana. Tak bado ipo, ila haiumi. Daktari, nimeletewa machungwa ya Muheza, naweza kula?

TabibuKinywa
Kula dada. Yamenye, ukate vipande vidogo.