Tupeane uzoefu: majengo yanapokaribia hifadhi, mlifanyaje?

Wakuu, salaam. Pembeni ya msitu wetu wa hifadhi viwanja vya maghorofa vimeanza kupimwa. Mwenye mradi anasema hatagusa hata mti mmoja kwa kuwa yuko nje ya mpaka. Hofu yangu ni kwamba msitu hufa hata bila shoka kuingia ndani. Mliopitia haya, kipi kiliwasaidia?

Jirani wa Kijito: Na sisi tuliambiwa hivyohivyo, "tuko nje ya mpaka." Katapila lilikwangua nyasi zote mlimani, na mvua ya kwanza tu kijito kikawa tope. Tope likitulia hufunika mawe ya chini, ambako samaki hutaga na wadudu wa maji huishi. Tukawa kila ikinyesha tunapiga picha mahali palepale, juu ya eneo la ujenzi na chini yake, tukiandika tarehe. Siku ya kusikilizwa pingamizi letu, afisa alizipanga mezani mbilimbili, akazitazama, kisha akamuuliza mhandisi maji ya mvua yatapita wapi. Mchoro wa mifereji haukuwepo! Kibali kikasimamishwa hadi wachimbe mabwawa ya kutuliza tope na kusogeza nyumba mbali na kingo. Nyumba zilijengwa, lakini kijito kipo hai.

Mpenda Popo: Msisahau taa. Zikiwaka usiku kucha huvuta nondo kutoka msituni, na popo wa aina fulani hukwepa mwanga kabisa, njia zao zikakatika. Ombeni zielekezwe chini na zifunikwe juu. Wajenzi wengi hawabishi kwa hilo.

Mama Miche: Someni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira mpaka viambatisho. Ya kwetu ilifanywa kiangazi. Vyura hawakuonekana, ikaandikwa hawapo. Tulidai uchunguzi urudiwe masika. Barua inayotaja ukurasa na kosa lake ni vigumu kuipuuza. Ile ya "tunapinga" tupu huishia kwenye faili. Na muda wa pingamizi ukipita, mmekwisha.

Mzee wa Bikoni: Hakikisheni kwanza huo mpaka wenyewe. Karura, Nairobi, ardhi ya msitu ndiyo iliyogawiwa wajenzi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti pale. Msitu umebaki, watu wanatembea humo leo. Tafuteni ramani rasmi, mtembee bikoni kwa bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, pamoja na mpima ardhi.

Mwenye mada: Asanteni mno. Ripoti ninayo, na tarehe zake ni za kiangazi pia! Uchunguzi wa pili analipa nani, sisi au mwenye mradi?

Mama Miche: Mwenye mradi, maana mradi ni wake. Liandikeni wazi kwenye pingamizi, na mtaje msimu mnaoutaka.