Vitufe vya juu kwenye dirisha la folda: Windows 10, Windows 11 au Linux Mint?

SteshenariMwanga
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma: kopi, kuchapa barua, kuprinti, picha za paspoti. Mashine ni tatu. Ya kwanza ina Windows 10 na ndiyo yenye printa. Ya pili mdogo wangu kaniletea kutoka Dar, ina Windows 11. Ya tatu ni laptop ya zamani, ilipogoma fundi akaiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

Kijana wangu wa dukani hajazoea kibodi. Kila kitu ni mausi, na akibofya kulia ile menyu inateremka ndefu, mkono unateleza. Juzi mama mmoja kaleta flashi yenye vyeti vya mwanawe na barua ya kuomba kazi. Kijana badala ya kunakili akakata, akabandika kwenye folda letu, akaprinti, akamrudishia mama wa watu flashi tupu. Kesho yake saa moja na nusu nimemkuta mlangoni kabla sijafungua. Faili tulikuwa nazo, lakini maneno niliyoambiwa nayo ninayo.

Nataka vitufe vichache juu ya dirisha la folda: nakili, folda jipya, tendua, printi, toa flashi. Vingine vyote vipotee machoni pake. Kati ya hizo tatu, ipi inakubali?

Fundi_Katubuka
Hiyo yenye Windows 10, mkuu. Fungua folda lolote, nenda Home kwenye ule utepe mpana, weka mshale juu ya "Copy to", bofya kulia, chagua "Add to Quick Access Toolbar". Kitufe kitaruka juu kushoto, pembeni ya jina la dirisha. Print iko kwenye Share, ifanyie hivyo hivyo. Eject, yaani ya kutoa flashi, hutaiona mpaka uingie This PC na kuibofya flashi yenyewe, ndipo utepe unaongeza sehemu ya diski. Tendua haimo kwenye utepe: bofya kamshale kadogo kaliko mwisho wa vile vitufe vya juu, utakuta Undo, itie tiki. Folda jipya huwa lipo tayari.

Kamshale hako hako kana mstari wa kuushusha upau, yaani ule mstari wa vitufe vyako, chini ya utepe. Ushushe, halafu Ctrl+F1, utepe unakunjwa wote. Unabaki na kistari chenye vitu vyako tu.

Ubaya wake ni kwamba vitufe ni vidogo, havina maandishi, na hakuna pa kuvikuza. Halafu "Copy to" na "Move to" picha zake ni kama mapacha. Usithubutu kuziweka zote mbili.

Ipuli_TBR
Niko Tabora, natumia 11 ofisini. Kwa hilo unalotaka, isahau. Utepe waliuondoa tangu 11 ilipotoka mwaka 2021, wakaweka mstari mmoja: kata, nakili, bandika, badili jina, shiriki, futa. Huongezi, hupunguzi. Na angalia mkasi, yaani kitufe cha kukata, ulipo: kushoto, wa kwanza baada ya kitufe cha New. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Huyu wako hata hajalia.

Nitaisifia kwa vichupo (tabs). Vilikuja mwishoni mwa 2022, na kufungua mafolda manne kwenye dirisha moja ni raha. Lakini hukuuliza vichupo.

SteshenariMwanga
Mkasi wa kwanza! Basi 11 ibaki ya WhatsApp na barua pepe. Asante kaka.

Mzee_wa_Mint
Kabla hamjamalizana, ile laptop msiidharau. Kwenye Mint programu ya mafolda ni Nemo. Ingia Edit, kisha Preferences, kuna ukurasa wa Toolbar wenye orodha ya kutia tiki: rudi, panda juu, nyumbani, folda jipya na kadhalika. Ni rahisi, ila unachagua katika walivyokupangia wao. Cha kwako huongezi pale.

Sasa weka Dolphin, programu nyingine ya mafolda, ni bure, inapatikana kwenye ghala la programu la Mint lenyewe. Bofya kulia kwenye upau, chagua Configure Toolbars. Zinakuja orodha mbili, kushoto vitufe vilivyopo, kulia unavyovitumia. Unavihamisha kwa mshale, unavipanga utakavyo. Ukibofya tena kulia kwenye upau unaweza kukuza picha na kuweka jina chini ya kila kitufe. Hapo ndipo Windows 10 inaachwa mbali.

Na siyo hilo tu. Bonyeza F3, dirisha linagawanyika mara mbili. Kushoto flashi ya mteja, kulia folda la duka. Kuna kitufe cha kunakili kwenda upande wa pili: kijana anachagua faili, anagusa mara moja, basi. Cha kuhamisha unakiondoa kabisa kwenye upau.

Dada_Gungu
Kugawanya dirisha, hata Total Commander ya Windows inafanya, tena ukikokota folda au programu hadi kwenye upau wake inageuka kitufe. Ila usipoilipia, kila ukiifungua inakutaka ubonyeze 1, 2 au 3 ndipo ikuruhusu. Msaidizi wangu alikuwa anaona kama mtihani wa hesabu. Double Commander inafanana nayo na haidai kitu. Lakini kusema kweli, mtu wa mausi akikutana na pande mbili siku ya kwanza anapotea. Wa kwangu alinakili toka dukani kwenda kwa mteja.

Kubwa lililonileta ni hiyo Print. Dada, iondoe! Kile kitufe hakiulizi. Hati ya Word inakwenda moja kwa moja kwenye printa, kurasa zote. Mteja alitaka ukurasa wa tatu tu, mimi nikatoa arobaini na mbili. Karatasi za nani?

Fundi_Katubuka
Hapo dada kanirekebisha, nakubali. Kuprinti afungue hati kwanza.

Tendua ibaki, maana ndiyo dawa ya kesi ya yule mama: amekata kwa makosa, anagusa mara moja, faili zinarudi kwenye flashi, mradi hajaichomoa.

Jingine, ukishapanga, hifadhi mpangilio. Fungua regedit, programu ya Windows ya kuhariri mipangilio yake ya ndani, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Ribbon, bofya kulia, Export. Vitufe vyako vimo kwenye QatItems. Siku akaunti ya mtumiaji ikiundwa upya unabofya lile faili mara mbili, vinarudi.

Ipuli_TBR
Ila Windows 10 msaada wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayopokea flashi za mji mzima bila masasisho ya usalama, mimi ningeogopa.

Mzee_wa_Mint
Ndiyo maana nasema Mint ndiyo ipokee flashi. Vile virusi vya kuficha mafolda na kuacha njia za mkato vimeandikiwa Windows. Huku havina miguu, na mafolda yenyewe unayaona kama kawaida.

Dada_Gungu
Kupokea sawa. Kuprinti hati ya Word kwa LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko Mint, jedwali likihama ukurasa utamweleza mteja wewe?

SteshenariMwanga
Siku tisa baadaye. Mint nimeiweka mbele, kwenye meza ya kupokea, na Dolphin ina vitufe vinne vikubwa vyenye majina. Kijana siku mbili za kwanza alinuna, sasa ananakili huku anaongea na wateja. Faili zikishakuwa safi tunazipeleka nyuma kwa flashi yetu wenyewe, tunaprinti kwenye Windows 10. Huko nimeweka "Copy to", folda jipya, tendua na Eject. Print nimeitoa.

Swali: Eject mara nyingi imefifia, haibofyeki. Nikiwa ndani ya folda la flashi ndiyo kabisa. Nimekosea wapi?

Fundi_Katubuka
Hujakosea. Rudi This PC, ibofye flashi mara moja bila kuifungua, kitawaka.

SteshenariMwanga
Kimewaka.