Mrejesho: sampuli na bajeti ya ombi la ruzuku, chanjo ya surua-rubela

Niliuliza namna ya kukokotoa sampuli na kupanga bajeti ya utafiti wa watoto wanaopata chanjo ya surua-rubela ya miezi 9 kisha wanakosa ya miezi 18. Asanteni sana kwa majibu.

Sampuli ndiyo inayobanwa zaidi na wapitiaji. Kwa makadirio kwamba 50% ya watoto wanakosa dozi ya pili, uhakika wa 95% na kosa la 5%, unapata watoto 385. Lakini ukichagua kwa vijiji, watoto wa kijiji kimoja hufanana (kliniki moja, barabara ileile), hivyo zidisha kwa 2: 770. Gawa kwa 0.9 kufidia kaya 10% zitakazokosekana: 856. Andika hatua zote, usiweke jibu tupu. Umri uwe miezi 24 hadi 35. Ukichukua wa miezi 18, aliyechelewa tu ataonekana ameacha chanjo.

Kadi ya kliniki ikipotea, fuata rejista ya kituo; kumbukumbu ya mama pekee ni dhaifu. Siku za ziada za kufuata rejista zilipiwe kwenye bajeti, pamoja na ada ya kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Tanzania). Kazi ya uwandani ianze kwenye ratiba baada ya kibali, kamwe si kabla.