Mwanafunzi akimwita ng'ombe "she", akatwe alama? Tujadili

Wanajamvi, salaam.

Hoja hii nailenga kwa walimu wa Kiingereza, wazazi, na wote ambao kazi yao ni wanyama. Mpwa wangu yuko darasa la sita. Katika daftari lake kuna insha fupi kuhusu ng'ombe wao aliyeugua. Kaandika: "Our cow was sick. She did not eat the grass." Kalamu nyekundu imepita juu ya "she", pembeni pakaandikwa "it", na nusu alama imekwenda. Mistari miwili chini yake kaandika "the calf who was crying", na hapo "who" imekatwa ikawekwa "which". Ukigeuza ukurasa unakuta zoezi la jinsia: taja jike la "fox" (mbweha), "gander" (bata bukini dume), "drake" (bata dume) na "stag" (ayala dume). Hilo kapata yote, na vema kubwa kawekewa.

Msimamo wangu ni huu: ile sentensi ya ng'ombe ilikuwa sahihi, na lile zoezi alilopata yote halitamfaa sana maishani. Tunawakata watoto alama kwenye Kiingereza kilicho hai, tunawapa vema kwa majina ya wanyama ambao wengi wao hawatawaona. Mwenye mawazo tofauti karibu sana, lakini kwanza tuitazame sarufi yenyewe.

Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsia tatu za kisarufi, kama Kijerumani cha leo. Jinsia hizo hazikufuata maumbile kila mara. Neno "wif", lililomaanisha mwanamke, lilihesabiwa kuwa si la kiume wala la kike. Mfumo huo ulimomonyoka karne kwa karne, na leo kilichobaki ni viwakilishi tu: "he", "she", "it". Kwa hiyo ukimtaja mnyama, neno lenyewe halikulazimishi chochote. Unayechagua ni wewe, kwa kutazama unachokijua kuhusu mnyama huyo.

Hata wenye msimamo mkali wanakubali hivyo. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani, unaofuatwa na vyumba vingi vya habari, unasema usimtumie mnyama "he" wala "she" isipokuwa jinsia yake inajulikana au ana jina. Isipokuwa! Sasa niambieni, ng'ombe anayekamuliwa kila asubuhi pale uani, jinsia yake ina utata gani? Kwa kanuni hiyo hiyo kali, mtoto yule alistahili vema.

Na mpaka kati ya "who" na "which" haujawahi kukaa mahali pamoja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaanza Sala ya Bwana kwa "Our Father which art in heaven". Mungu mwenyewe kaitwa "which", na hakuna aliyeona kavunjiwa heshima. Meli nazo ziliitwa "she" kwa karne nyingi, hadi mwaka 2002 gazeti la Lloyd's List la London, linaloandika habari za meli, likaamua kuziita "it". Wenye lugha wanahamisha mpaka kila wanapoona sababu. Sisi huku tumeushikilia kama vile umechongwa kwenye jiwe.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka Kigoma. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe. Aliwapa majina: David Greybeard, Flo, Fifi, Flint. Alipoandika mojawapo ya makala zake za mwanzo za kisayansi, mhariri alikata kila "he" na "she" akaweka "it", akakata "who" akaweka "which". Goodall alikasirika, akayafuta masahihisho na kurudisha maneno yake, na makala ilipotoka sokwe wale walikuwa na jinsia zao. Mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kuliomba shirika hilo hilo la Associated Press kubadili kanuni yake ili wanyama waitwe "he", "she" na "who". Kwa hiyo Waingereza na Wamarekani wenyewe bado wanabishana, na baadhi ya hoja zao zimezaliwa kwenye msitu wetu.

Tena mtoto wa Kiswahili anaingia darasani akiwa tayari ana hisia sahihi. Hakuna anayesema kifaru kimelala au kiboko kimezama. Tunasema amelala, amezama, ingawa majina hayo yanaanza na ki- kama kiti na kikombe. Uhai wa mnyama kwetu unashinda umbo la neno. Kinachomsumbua mtoto wetu ni kwamba a- yetu haibagui mume na mke, ndiyo maana anaandika "my mother, he". Anayehangaika hivyo akifaulu kumwangalia ng'ombe wake, akajua ni jike, akachagua "she" bila kuambiwa, amevuka pale panapowashinda wengi. Kumkata hapo ni kumwambia arudi alikotoka.

Kuhusu msamiati, sisemi ufutwe. Ufundishwe unaotumika: "bull", "cow", "heifer", "ox", "ram", "ewe", "cock", "hen". Halafu mtoto afundishwe kwamba "bull" na "cow" hutumika pia kwa tembo, nyati, hata nyangumi. Nimeona vijana wa sekondari wakishangaa kusoma "cow elephant", wakadhani ni kosa la uchapaji. Afundishwe kwamba "duck" na "goose" ni majina ya jike yaliyobeba spishi nzima, na "dog" ni jina la dume lililofanya hivyo hivyo. Jike la mbwa lina jina lake, ambalo wafugaji na madaktari wa mifugo hulitumia kila siku, ila mitaani limekuwa tusi. "Female dog" inatosha kabisa. "Gander" na "stag" wasubiri hadi atakapokutana nao kwenye kusoma.

Karibuni.

JIBU LA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na sehemu kubwa nakubaliana nawe kama mtu anayeipenda lugha. Kama mwalimu mwenye darasa lililojaa, sikubaliani nawe.

Wewe umeona mtoto mmoja aliyechagua "she" kwa sababu alijua ng'ombe ni jike. Mimi nasahihisha madaftari ya darasa zima. Humo "she" ya ng'ombe inatoka kichwani mwa mtoto kwa bahati, sawa na "he" ya mama yake. Mstari wa kwanza ng'ombe ni "she", wa pili "he", wa tatu "they". Nitajuaje nani amefikiri na nani amebahatisha? Nikiwaambia "mnyama ni it", nimewapa nguzo ya kushika. Wakifika sekondari, wakakomaa, waiache. Hata mwongozo uliounukuu unaanza na katazo, ndipo unaruhusu.

Na hizo "gander" na "drake" usinilaumu mimi. Zimo kwenye vitabu vya mazoezi vilivyotufikia tangu enzi za mkoloni, na watunga mitihani ya majaribio wanazichota humo. Siwezi kuwapeleka watoto wa watu kwenye mtihani hawajaliona neno eti kwa sababu bata bukini hawapo mtaani kwetu.

JIBU LA AFISA MIFUGO

Mleta mada, usiuguse msamiati kwa mkono mwepesi. Huku kwetu neno moja ni pesa.

Mfugaji anasoma tangazo: "in-calf heifer". Asiyejua "heifer" anadhani ananunua ng'ombe aliyekwisha kuzaa, kumbe ni mtamba mwenye mimba ya kwanza, maziwa yake hayajajulikana. Au anasoma karatasi ya dawa, imeandikwa isitumike kwa "lactating cows". Asipojua kwamba "lactating" ni anayetoa maziwa, anachoma sindano, anakamua, dawa inaingia kwenye maziwa ya watu. "Steer" ni maksai anayenenepeshwa kwa nyama. Ukimchanganya na "bull" utasubiri apande mpaka uchoke.

Niongeze neno ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya shule: "freemartin". Ni jike aliyezaliwa pacha na dume. Tumboni damu zao huchanganyika kupitia kondo, homoni za dume zinaharibu viungo vya uzazi vya dada yake, na zaidi ya mitamba tisa kati ya kumi wa namna hiyo hawazai kamwe. Kwa macho ni mtamba mzuri, mnene, anang'aa. Nimewaona watu wakiuziwa kwa bei ya mtamba wa maziwa. Kama mnabadilisha mtaala, wekeni hilo mtoe "vixen", yaani mbweha jike.

Kuhusu "she" na "it", kwenye kadi ya ng'ombe naandika jinsia na namba, viwakilishi nawaachia ninyi.

JIBU LA MWONGOZA WATALII, ARUSHA

Mimi Kiingereza ndiyo jembe langu, na wageni wangu swali lao la kwanza ni "Is it a male or a female?" Ona, wanaanza na "it" kwa sababu hawajajua. Nikishajibu, hawarudi tena kwenye "it". Simba jike anavizia swala, gari zima linanong'ona "she, she". Ningesema "it" wangedhani simjui simba wangu. Na kwa simba jinsia ndiyo habari yenyewe: majike ni ndugu, ndio wanaobaki na kundi na kuwinda sehemu kubwa; madume wanakuja, wanatawala miaka michache, wanafukuzwa na wengine.

Lakini fisi madoadoa ananifanya nimtetee mwalimu. Jike ni mkubwa kuliko dume, ndiye mtawala wa ukoo, na kiungo chake cha uzazi kimerefuka mpaka kinafanana na cha dume. Ukimwona kwa mbali huwezi kujua, labda awe ananyonyesha. Hapo nasema "it" bila aibu, ndiyo kauli ya kweli. Wapo wenzangu wanaosema "he" kwa kila wasiyemjua, na mara nyingi huyo "he" ni mama wa watoto watatu.

JIBU FUPI LA MHUDUMU WA AFYA

Naunga mkono hapo kwenye "he" ya mazoea. Anayeeneza malaria ni mbu jike wa anofelesi peke yake, kwa sababu damu anaihitaji kwa mayai. Dume anaishi kwa maji matamu ya mimea. Tunalisema kila siku kwa Kiswahili, halafu nasikia vijana wetu wakieleza kwa Kiingereza: "When the mosquito bites, he..." Nyuki vibarua nao wote ni majike. Mtoto aliyezoeshwa kuchagua kwa kujua asingesema hivyo.

MLETA MADA ANAJIBU

Nawashukuru wote, mmeijenga hoja kuliko nilivyoileta.

Afisa, maneno yako nayachukua yote, na "freemartin" sikuwahi kulisikia. Lakini angalia ulichofanya: kila neno umelileta na kazi yake, karatasi ya dawa, tangazo, hasara. Ndivyo ninavyotaka lifundishwe. Orodha ya safu mbili, dume kulia jike kushoto, isingemwokoa hata mfugaji mmoja kati ya hao uliowataja, kwa sababu "heifer" haimo kwenye safu hizo. Safu zinajua dume na jike tu. Hazijui aliyezaa na asiyezaa, wala aliyehasiwa.

Mwongozaji, fisi wako ndiye jibu bora kuliko langu. "It" kwa usiyemjua, "he" au "she" kwa unayemjua. Hiyo ni kanuni fupi, na mtoto wa darasa la sita anaimudu.

Mwalimu, mzigo wako nauona, na siombi uache kusahihisha. Naomba ubadilishe unachokisahihisha. Aliyeanza na "she" akaishia na "he" kwa ng'ombe yule yule, mkate alama, tena bila huruma. Aliyeandika "the bull" kisha "she", mkate. Aliyechagua moja inayolingana na mnyama wake akabaki nayo hadi nukta ya mwisho, mwachie alama yake. Umesema huwezi kujua nani amefikiri na nani amebahatisha. Insha yenyewe itakuonyesha: anayebahatisha ni nadra kubahatisha sawa mara sita mfululizo. Na nguzo unayowapa ina gharama, maana anayeandika "it" kwa kila mnyama hapati nafasi ya kujizoeza "he" na "she" mahali ambapo kosa halimuudhi mtu. Akija kukosea kwa mama mkwe au kwa mwajiri, hapo ataudhi.

Kuhusu watunga mitihani tuko upande mmoja. Wewe uko karibu nao kuliko mimi. Je, kwenye vikao vya walimu wa somo mnavyofanya wilayani, jambo hili limewahi kuletwa mezani? Na kama lililetwa, waliolipinga walisema nini?