Deki ya Goblin: Ringleader ananinyima kadi

Wakuu, deki yangu ya Magic (mchezo wa kadi) ina kadi 60: ardhi 23 (za kulipia gharama), Aether Vial 4 (hushusha kiumbe wa gharama sawa na alama zake), kadi za kuua viumbe 9, Goblin 24. Goblin Ringleader akiingia mchezoni, mara nyingi naambulia Goblin mmoja tu. Nipunguze nini?

— Mkuu, Ringleader hufunua kadi 4 za juu za deki, na Goblin waliomo huja mkononi. Kwa Goblin 24, wastani ni 1.6. Toa 6 kati ya hizo 9, weka Gempalm Incinerator 4, anayeweza kuua kiumbe akitupwa kutoka mkononi kwa gharama yake ndogo, na Mogg War Marshal 2, wote Goblin. Wastani unafika 2.

— Na Vial usiipandishe alama kiholela! Ikigonga alama 4 haimshushi tena Goblin Matron wa gharama 3. Ipandishe ukiwa na Ringleader, wa gharama 4, mkononi.