MREJESHO: Baba na mshipa mkuu uliotanuka tumboni

Niliuliza kama baba yangu, aliyekutwa na aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) iliyotanuka tumboni, apasuliwe haraka. Asanteni sana mlionisihi tumwone kwanza daktari bingwa wa mishipa ya damu.

Tumemwona. Altrasaundi imeonyesha sentimita 5.1. Kwa kawaida mshipa huo una upana wa sentimita 2 hivi, na ukifika 3 huhesabiwa kuwa umetanuka. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kwa kisu, kumbe kwa wanaume upasuaji hufikiriwa ukifika 5.5, na kwa wanawake 5.0. Chini ya hapo, hatari ya upasuaji wenyewe mara nyingi huzidi ile ya mshipa kupasuka. Ila ukikua zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka, au ukianza kuuma, hawangoji. Baba atapimwa kila baada ya miezi 3.

Amepewa dawa za presha na za kolesteroli. Sigara ndiyo vita yetu kubwa. Daktari alisema hakuna kitu kinachochochea ugonjwa huu kama hiyo. Leo ni siku ya 19 hajavuta, na ninamwonea fahari mno.

Jambo ambalo sikulijua kabisa: ugonjwa huu huweza kuwa wa kifamilia. Kaka zangu nao watapimwa.

Nyumbani sote tumeambiwa, hata watoto: maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, jasho jembamba, kuzimia, ni kukimbilia hospitali palepale.