Riba ya mkopo wa nyumba inatoka 15 kwenda 18: niongeze muda, nihame benki au nipunguze deni?

MamaIyumbu: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ipo Iyumbu, Dodoma, salio la mkopo ni milioni 60, imebaki miaka 12. Riba ilikuwa asilimia 15 isiyobadilika kwa miaka ya mwanzo. Kipindi hicho kinaisha Januari na benki imeniandikia kuwa itakuwa 18. Sasa narejesha kama 900,500 kwa mwezi. Nafikiria kuongeza muda, kuhamia benki nyingine, au kuuza kiwanja changu cha Nala nipunguze deni. Na hivi, Benki Kuu (BoT) ilishusha riba yake hadi 5.75 Julai 2025, mbona yangu inapanda?

Kikokotoo: Dada, hilo la kuongeza muda lifute kwanza. Asilimia 18 ya milioni 60 ni milioni 10.8 kwa mwaka, yaani 900,000 kwa mwezi, riba tupu! Rejesho lako la leo lingemezwa karibu lote, deni lenyewe likabaki pale pale. Kwa miaka 12 rejesho jipya ni kama 1,019,500. Ukisogeza hadi miaka 16 linakuwa 954,800 hivi. Unapata nafuu ya 65,000 kwa mwezi, lakini jumla ya malipo inatoka milioni 147 kwenda 183. Hata miaka 20 hairudishi 900,500 yako.

Mzee wa Ipagala: Mwanangu, ile 5.75 inaongoza soko la mabenki yanapokopeshana yenyewe kwa yenyewe, haimgusi mteja moja kwa moja. Mikopo ya nyumba nchini imezoea kucheza kati ya 15 na 19. Benki inakusanya amana za watu wanaoweza kuzitoa kesho, halafu inakukopesha wewe miaka 15 au 20. TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, ilianzishwa 2010 kupunguza tatizo hilo, lakini halijaisha. Hata hivyo hiyo habari ya BoT itumie. Andika barua, ambatisha taarifa ya marejesho yasiyo na doa, omba 16.

Mtumishi_Mtumba: Kuhama kunalipa kama utapata 16 ya kweli. Rejesho litakuwa kama 939,500, pungufu ya 80,000 kuliko kwenye 18. Ila kuna tathmini mpya, kufuta rehani kwa Msajili wa Hati na kusajili nyingine, mwanasheria, bima, na baadhi ya mikataba ina tozo ya kufunga mkopo mapema. Gharama zikifika milioni 2.4, miezi 30 ya mwanzo unarudisha gharama tu. Kama ni mtumishi mwenzetu, kumbuka ile theluthi ya mshahara inayotakiwa kubaki baada ya makato yote. Ukiwa na mkopo mwingine utakwama hapo hapo.

Zabibu Tamu: Mimi nipo upande wa kiwanja. Milioni 7 tu ukiziweka kwenye deni, salio likabaki 53, rejesho kwa 18 linarudi pale pale kwenye 900,500. Hakuna njia nyingine hapo juu inayofanya hivyo.

Kikokotoo: Nimepiga, ni kweli.

Ndugu wa Msalato: Jamani, kuuza Nala barabara ya mzunguko ikipita pale? Mimi nisingethubutu. Achukue hizo 7 Saccos.

Zabibu Tamu: Saccos ipi, na riba ya aina gani? Ya 12 inayopigwa kwenye milioni 7 zote hata deni likipungua, kwa miaka mitatu, ni 264,000 kila mwezi juu ya mkopo wa nyumba. Ukiipima kwa riba inayopungua na deni, kama ya mkopo wa nyumba, inazidi 20. Atakuwa amekimbia 18 na kuangukia pabaya zaidi.

MamaIyumbu: Asanteni sana. Kiwanja kina hati, ila mnunuzi aliyejitokeza ananipa bei ya kutupa. Naanza na barua. Wakikataa 16, natafuta mnunuzi mwingine kabla ya Januari.

Mzee wa Ipagala: Sawa. Siku utakayopeleka hizo fedha, taja kwa maandishi kwamba zipunguze rejesho la mwezi. Usiposema, wanaweza kufupisha muda na rejesho likabaki 1,019,500.